Mnunuzi wa Majina Yote

Mimi ni mwoga, na nalisema mapema asije mtu akanisoma hadi mwisho akitafuta shujaa. Naogopa mbwa, naogopa sindano, naogopa bahasha ya kaki yenye mhuri. Lakini miaka hii ya karibuni kinachonitoa jasho kuliko vyote ni barua ya mtu nisiyemjua, anayetaka kununua kitu ambacho sijapata kukitangaza sokoni.

Kitu chenyewe ni majina. Nina majina ya tovuti, yale maneno ambayo mtu akiyaandika kwenye simu yake humfikisha kwenye duka au hoteli ya mwenye jina. Hulipiwa kila mwaka kwa kampuni inayoyasajili, na maadamu unalipa, ni yako. Nilianza kuyakusanya zamani, nilipokuwa karani wa mapokezi katika hoteli moja ya Mji Mkongwe. Zamu yangu ilikuwa ya mchana, wageni wote wamekwenda kutembea, kompyuta ipo mbele yangu na mtandao silipii mimi. Siku moja nikaangalia kama neno "mrashi" lina mwenyewe. Halikuwa naye. Nikalichukua. Wiki ya pili nikachukua "kibatari", halafu "kilua", ua la kunukia, halafu majina ya vijiji vya shamba ambavyo wenyewe hawajui kwamba majina yao yanaweza kumilikiwa na mtu aliyekalia kiti cha kuzunguka. Siku niliyoacha kazi hotelini nilikuwa nayo thelathini na moja.

"Wenzio wanakusanya viwanja," mke wangu aliniambia, "wewe unakusanya maneno."

Nilikasirika, kwa sababu alisema kweli. Siku hizi nina kiduka Mkunazini cha kutoa kopi na kuchapa barua, na hayo maneno yangu yamelala tu, kama vyombo vya harusi kabatini.

Barua za wanunuzi zilianza kidogo kidogo. Mmoja huuliza kwa adabu kama jina fulani bado lipo. Mwingine anakwambia ana mteja mkubwa, ila mteja hataki kutajwa. Kuna wale wa vitisho, wanaokuarifu kwamba kampuni ya mbali inakaribia kusajili jina linalofanana na lako na kwamba usipowalipa wao leo utajuta. Zote nilikuwa nazifuta. Nilikuwa nazifuta haraka, kama mtu anayefagia kombamwiko nje kabla hajageuka na kumwangalia. Kwa muda hilo lilitosha. Kisha pakazuka namna mpya: watu wanaotaka majina yangu yote kwa jumla. Sikuelewa. Mtu anataka "kilua" na "kibatari" na jina la kijiji cha kusini kwa pamoja, ya nini? Ni sawa na mtu kuingia Darajani akauliza bei ya soko zima, na watu ndani.

Nilikuwa hapo hapo Darajani, siku ya Alhamisi baada ya Alasiri, nilipofanya kosa langu. Mkono mmoja nimeshika mikate ya ajemi, ya moto, inaniunguza vidole. Mkono wa pili umeshika simu. Macho yangu yameshapungua, kwa hiyo maandishi ya simu yangu nimeyakuza sana. Barua ikiingia, kinachoonekana juu ya kioo ni maneno machache ya mwanzo tu. Ikaingia barua. Nikaona jina langu, na la baba yangu, na la babu yangu, yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, halafu mkato. Hakikuonekana kingine. Chini yake pakawa na nafasi ya kujibu.

Nikajibu, "Naam."

Nieleze. Katika nyumba niliyolelewa, mtoto wa kiume akiitwa jina lake haulizi "Nini?" wala hanyamazi. Aliyethubutu kusema "Nini?" mama alimfuata na upawa. Unaitika "Naam", na unaitika palepale, hata kama uko juu ya mti au una tonge mdomoni. Aliyeitika hajakubali jambo lolote. Amesema tu kwamba yupo na anasikiliza. Nimeitika hivyo miaka zaidi ya hamsini, na kidole changu gumba kiliitika kabla sijajua kama kimeitika. Nilikuwa nadhani ni mteja wangu wa dukani ambaye hupenda kuandika majina ya watu kwa ukamilifu. Nikatia simu mfukoni nikenda zangu na mikate.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitukataza kuitika sauti ya mtu tusiyemwona. Nilikuwa nikimcheka.

Asubuhi ya Ijumaa nilifungua duka, nikawasha kompyuta, nikakuta jibu. Lilikuwa kwa Kiswahili kilichonyooka mno, cha mtu aliyejifunza kwa kitabu au cha mashine. Lilianza hivi: tunashukuru sana kwa kukubali kwako. Nikarudi kwenye ile barua ya jana, nikaisoma yote kwa mara ya kwanza. Baada ya majina yangu matatu na ule mkato, iliuliza kama mimi ndiye mmiliki wa majina yaliyoorodheshwa hapo chini, na kama niko tayari kuyauza yote kwa pamoja. Na mimi nikasema naam.

Nikaiteremka ile orodha. Yote yalikuwemo. Hata yale niliyoyasajili kwa anwani nyingine ya barua pepe, hata moja nililokuwa nimelisahau mwenyewe. Mtu huyu alikuwa amekaa mahali akanikusanya kipande kipande, na mimi huku nakula, nalala, nakwenda msikitini, sina habari. Nikainuka nikafunga mlango wa duka, kisha nikaona giza limeingia sana ndani, nikaufungua tena.

La ishirini na sita katika orodha lilikuwa la Uroa.

Hilo silo la kabatini. Dada yangu mkubwa anaishi Uroa. Ni mjane, na yeye na wanawake wenziwe kumi na mmoja wanalima mwani na kutengeneza sabuni za mwani. Miaka tisa nyuma niliwasajilia jina na kuwatengenezea ukurasa wenye picha. Oda za hoteli za pwani ile hupitia hapo, na za watu wa nje ambao waliwahi kuja wakaondoka na kipande kimoja mkobani. Jina limechapwa kwenye kila karatasi ya sabuni. Wanawake wale hawana duka wala kibao barabarani. Jina hilo ndilo duka na ndilo kibao. Siku likiingia mikononi mwa mtu mwingine, anayeliandika atafika kwa huyo mtu, na oda zitakwenda kwa huyo mtu, na dada yangu atakaa pale uani na masanduku ya sabuni akishangaa kwa nini simu haiiti.

Na jina hilo, kwenye daftari la kampuni inayosajili, lilikuwa limeandikwa langu mimi.

Nasema kweli, nilikimbilia choo cha jirani, nikamwachia mteja aliyekuja kutoa kopi ya hati ajihudumie mwenyewe.

Niliporudi niliandika kwamba kuna kosa. Nikaeleza kwa heshima kwamba kwetu "naam" ni kuitika, kwamba sikukubali kuuza kitu, kwamba wanisamehe. Jibu lilikuja kabla ya adhana ya Ijumaa. Walinibandikia ukurasa wa kamusi. Naam: ndiyo, ni kweli, nimekubali. Wakaipigia mstari. Nilikaa nikiitazama kamusi ile na sikuweza kuipinga, maana hakuna ilichokosea. Chini yake wakaandika kwamba wao wameshaingia gharama kwa kutegemea neno langu, kwamba mwanasheria wao ameshaarifiwa, na kwamba nina siku saba za kutayarisha namba za siri za kuhamishia majina.

Neno "mwanasheria" lilikaa kifuani mwangu siku nzima. Kwenye swala ya Ijumaa sikusikia hata neno moja la hotuba.

Kuanzia hapo simu ikaanza kuita. Namba ndefu, ya nchi nisiyoijua, mara mbili asubuhi, mara moja mchana. Nikaiacha iite. Wateja wakinambia, "Mzee, simu yako hiyo," najibu kwamba ni watu wa matangazo. Jumamosi akaja mgeni mmoja dukani, mwanamume mrefu mwenye miwani ya jua, akanitazama, akanitaja jina langu kamili, yote matatu, vibaya vibaya lakini yote. Nilishika ukingo wa meza. Nikawaza niruke dirisha, na dirisha lile lina nondo. Yule bwana akatabasamu akanyoosha kidole nyuma yangu, kwenye leseni ya biashara niliyoitundika ukutani, ambako ameyasoma. Alikuwa anataka kopi mbili za pasipoti. Nikamtolea tano, nikamsindikiza mpaka njia kuu.

Jumapili ikaja barua ya tatu. Hii ilitaja bei.

Kiasi chenyewe sikitaji. Nitasema tu kwamba nilikisoma, nikavua miwani nikaifuta, nikakisoma tena, kisha nikenda mlangoni kuangalia kama kuna mtu, nikarudi nikakisoma mara ya tatu. Barua ilisema wanachukua yote au hawachukui hata moja. Yale thelathini yaliyolala, walisema waziwazi, hayana thamani kubwa. Linalotembelewa na watu ni moja, na wakalitaja. Bila la Uroa hakuna biashara.

Ningependa kuandika kwamba hapo hapo nilikataa. Sikukataa. Sikujibu kitu. Nilimaliza Jumapili, nikamaliza Jumatatu, na Jumanne, na Jumatano. Nilikuwa naogopa mwanasheria, naogopa ile namba ndefu, na chini ya hofu zote hizo palikuwa na hofu nyingine ambayo sikutaka kuitazama, kwa sababu ilikuwa ikijua nyumba yangu inavuja wapi na ada ya binti yangu ni ya lini. Niliwaza kwamba wale wanawake wanaweza kutafutiwa jina jingine. Niliwaza hivyo nikiwa nakoroga chai. Ilikuwa fikra nyepesi, ilipita tu, lakini ilipopita niliona imeacha mlango wazi.

Alhamisi nikenda Mpendae. Hapo anakaa mtu mmoja niliyefanya naye kazi hotelini, fundi wa mitandao, ambaye sasa anafanyia kazi zake sebuleni kwake akiwa amevaa shuka. Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye "naam" alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Wamekutisha bure," alisema. "Neno moja la simu halihamishi jina. Jina linahama ukiwapa namba ya siri, na hiyo hujawapa. Umewapa?"

"Sijawapa."

"Basi na wende na kamusi yao. Hebu tufungue akaunti yako nione."

Tukafungua. Akawa anateremka na kicheko bado kimemkaa usoni, kisha kicheko kikaondoka. Akauliza kwa nini kufuli za majina, zile zinazozuia jina lisihamishwe, zote ziko wazi. Nikakumbuka kwamba miaka mingi nyuma nilitaka kumuuzia mtu jina moja, nikazifungua zote kwa kutojua, na yule mtu hakuja tena. Akauliza hii anwani ya barua pepe ya kurejeshea neno la siri ni ya wapi. Nikatazama. Ilikuwa ya ile hoteli. Hoteli imeshafungwa, jina lake la tovuti limeshakwisha muda.

"Unaelewa maana yake?" akaniuliza pole pole. "Mtu akilichukua lile jina la hoteli leo, anaifufua ile anwani yako, barua zako zinaingia kwake, anaomba neno la siri jipya, anaingia humu. Kufuli ziko wazi. Anabeba yote. Na wewe huna habari."

Miaka tisa. Dada yangu na wenziwe wameingia majini na kutoka, wamekatwa na mawe nyayo, wamechemsha na kukata na kufunga sabuni, na muda wote huo mlango ulikuwa haukukomewa na mwenye funguo ni mimi, nimekaa Mkunazini natoa kopi. Nilitaka kulia mbele ya mwanamume mwenye shuka.

Akafunga kufuli zote. Akabadilisha anwani. Akanibadilishia neno la siri na kunifanya niliandike mwenyewe. Kisha akagonga kioo kwa kidole palipokuwa na jina la Uroa.

"Haya mengine ni yako, utayalinda au utayaacha. Hili unasema ni la dadako. Mbona limeandikwa lako?"

"Mimi ndiye nilolisajili."

"Mpe mwenyewe," alisema. "Afungue akaunti yake, wewe ulihamishe, yeye alipokee. Robo saa. Usifanye kwa simu, nenda."

Nikenda Uroa siku ya pili, asubuhi. Nilimkuta dada uani amekaa juu ya kibao, mbele yake ubamba wa sabuni ya kijani, anaukata vipande kwa waya. Wenziwe wawili walikuwa upande wa pili wa ua wanafunga karatasi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu. Mbona uso umekusawijika hivyo? Ushakunywa chai?"

"Nshakunywa."

"Uongo huo. Kaa."

Nikakaa. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima, na maneno yalikuwa mazuri: usalama, kufuli, anwani ya zamani. Nikamwambia kwamba kuna watu wananunua majina, kwamba sasa pako salama, ila nataka lile jina la sabuni tuliandike lake badala ya langu. Waya ukasimama katikati ya ubamba.

"Kwani lako?"

"Kwenye karatasi tu, dada."

"Lako vipi, na lile ni la kikoa?"

Hapa sina budi kusema jambo linaloniaibisha. Watu wanaofasiri mambo ya kompyuta kwa Kiswahili walipofika kwenye majina haya wakayaita majina ya vikoa. Hawakuwauliza watu wa Uroa. Kwetu kikoa ni chakula cha zamu: leo unapika wewe tunakula sote, kesho anapika mwenzio tunakula sote, na hakuna anayesema sufuria ile ni yangu peke yangu. Mwaka ule, miaka tisa nyuma, nilisimama kwenye ua huu huu na, kwa kujionyesha kwamba nayajua maneno mapya, nikawatangazia: "Nimekuchukulieni jina la kikoa." Walipiga vigelegele. Walisikia kile ambacho mtu yeyote wa pale angesikia. Mimi niliona wamesikia hivyo. Niliona, na sikusahihisha, kwa sababu vigelegele vilipendeza. Na kila mwaka walichangishana wakanipa pesa ya kulilipia jina la kikoa chao, pamoja na sabuni kumi na mbili kwa mke wangu.

Nikamweleza sasa. Nikamweleza kwamba kikoa kile ni neno la kompyuta. Dada alisikiliza bila kunikatiza, akiufuta waya kwa ncha ya kanga.

"Ukifa leo?" akauliza.

"Allah atupe umri, dada."

"Amin. Ukifa?"

Nikaanza kuokota vipande vya sabuni vilivyoanguka.

"Nakuuliza, jina letu linakwenda wapi?"

"Linaingia katika mirathi."

"Yako."

"Yangu."

"Una watoto wa kiume wawili," alisema. Alisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kuliko mimi, na hesabu ya mirathi huifanya kichwani. "Mimi dada sirithi kitu hapo. Hawa wenzangu ndo kabisa, si ndugu zako. Basi miaka tisa hii, kila ulipougua homa, sisi tulikuwa tunakuombea dua na hatujui kama tunajiombea wenyewe."

Wale wanawake wawili walikuwa wameacha kufunga karatasi. Hawakunitazama. Mmoja alikuwa ameshika sabuni mkononi analisoma lile jina, kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza.

"Na hao wanunuzi," dada akasema. "Walikwambia bei?"

"Walinambia."

"Ulitaka kuuza?"

"Sikuuza."

"Sikukuuliza kama umeuza."

Kuku alipita kati yetu. Nilimwangalia kuku. Nilitafuta uongo, na mimi si mtu wa kukosa uongo mdogo mdogo, lakini mbele ya dada aliyenifunga vifungo vya shati nikiwa mdogo haukuja hata mmoja.

"Bei walinambia Jumapili," nikasema. "Kwa fundi, Mpendae, nimekwenda jana."

Akahesabu kwa kidole gumba kwenye pingili za vidole, kama tunavyohesabu tasbihi. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alipofika Alhamisi akakunja mkono.

"Hao watu wa namba ndefu siwaogopi," alisema. "Siwajui, hawanijui. Nnakuogopa wewe."

Hakupandisha sauti. Nimeshagombezwa na dada yangu mara nyingi, na kelele zake nazijua, zina mwanzo na mwisho na baada yake huja chakula. Hii haikuwa na mwisho. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mwanasheria, kuliko siku ya yule mtu mwenye miwani. Nikasema nisamehe dada. Akasema tufanye hilo lililokuleta.

Tukafanya. Alikuwa na simu yake, nikamwelekeza afungue wapi, aandike jina lake, aandike namba yake. Alikataa nimshikie simu. Nilipokosea nikanyoosha mkono kumwonyesha pa kubonyeza, akauvuta ule mkono wake wenye simu upande wa pili. Nikabaki nasema tu: chini kidogo, kulia, hapo. Namba ya uthibitisho ikaingia. Mimi kwenye simu yangu nikaliachia jina, yeye kwenye yake likatokea, likimngoja alipokee. Kabla ya kupokea, kompyuta ya kampuni ikamtaka achague neno la siri.

"Sasa liandike neno ambalo huwezi kulisahau," nikamwambia, "lakini lisiwe jina la—"

"Geuka huko."

Nilidhani nimesikia vibaya. Dukani kwangu watu wazima hunitajia maneno yao ya siri kwa sauti mbele ya foleni, mashehe na wanawake wenye heshima zao, na wananiomba nikumbuke kwa niaba yao. Nikamtazama. Alikuwa ameifunika simu kwa upande wa kanga na ananingoja.

Nikageuka. Mbele yangu pakawa na ukuta wa chokaa na ndoo mbili. Nyuma yangu nikasikia kioo cha simu kikitoa mlio, herufi moja, kisha nyingine, taratibu, maana vidole vyake vimekakamaa kwa maji ya chumvi. Wala sikukusudia, ni mazoea ya kazi yangu, nikajikuta nazihesabu. Moja, mbili, tatu. Zilipofika sita mlio ukakatika.

"Na masikio," dada akasema. "Ziba."

Nikaziba.